Mikanda Hamsini na Mitatu

Nianze na barua, maana ndiyo iliyonipandisha presha. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepigwa taipu, na juu kabisa pameandikwa jina la mume wangu kwa ukamilifu, Baudouin Kashindi. Ilitoka kwenye kituo cha utafiti wa wanyama wa baharini, na alikuwa amefanya kazi pale mwaka mmoja na miezi saba. Alikuwa amepima pomboo hamsini na watatu, wale wanaotupwa na bahari ufukweni wakafia mchangani, na jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya kituo kile. Kila fomu ya vipimo ilikuwa na mahali pa kuandika nani amepima, na kila mahali hapo paliandikwa herufi mbili za mkuu wake, Dokta Thorburn. Siku walipoona haja ya kuliandika jina la Baudouin, waliliandika ili kumwita mwongo.

Barua ilisema anashukiwa kujaza fomu bila kupima wanyama. Afike Alhamisi saa nne asubuhi ajieleze, na asipokuwa na maelezo ya kuridhisha, kazi basi. Ilikuwa Oktoba ya tisini na nane.

Nilimsomea mimi, kwa sababu Kiingereza changu ni cha sekondari ya Kigoma na chake ni cha kuegesha magari. Alisikiliza amekaa kitandani, viatu vya mpira vya kazini bado miguuni. Nilipomaliza akauliza, "Wameandika Kashindi na K?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haya," akaanza kuvua viatu. Yeye ndiye aliyetukanwa, na mimi ndiye niliyeshindwa kukaa.

Huyo ndiye Baba Peguy. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anaomba samahani. Nimeishi naye miaka saba sasa, na ningekuwa na nguvu ya kumtikisa mpaka hasira idondoke kutoka mahali alikoificha, ningemtikisa.

Mume wangu ni fundi cherehani. Hilo lijulikane kwanza, maana wale watu hawakutaka kulijua. Kabla ya pomboo na kabla ya Durban alikuwa Maître Baudouin, yaani Fundi Baudouin, wa Uvira kule Kongo, na bwana harusi wa mtaa wetu alikuwa hajawa bwana harusi mpaka suti imetoka mkononi mwake. Kazi aliirithi kwa baba yake, Mzee Vénérand, mtu mgumu ambaye mimi mkwe wake nilimwogopa mpaka siku anazikwa. Mzee Vénérand hakuiamini mita ya kitambaa. Alikuwa akisema mita ni nguo kama nguo nyingine, na nguo inavutika. Kwa hiyo kila mteja alikuwa na mkanda wake: karatasi ya mfuko wa simenti iliyokatwa nyembamba na ndefu, na kila kipimo kimetiwa alama pembeni kwa mkasi. Alama moja bega, mbili kifua, tatu kiuno, hivyo hivyo kwenda chini. Mita ilikuwa ya kumtajia mteja namba ili aridhike. Suti ilikatwa kwa mkanda. Mikanda yenyewe ilining'inia ukutani, kila mmoja na kipande cha kitambaa chenye jina, na mtu akirudi baada ya miaka mitatu amenenepa, Mzee anamwonyesha ukutani alivyokuwa.

Vita vilipofika Uvira duka liliungua, na ukuta ule wote ukaungua. Sitaki kulizungumza zaidi ya hapo. Tulipita Kigoma kwetu, hatukukaa, tukazidi kuteremka, na mwanzoni mwa tisini na saba tukawa Durban, ghorofa ya sita huku Albert Park, chumba kimoja sisi na mtoto wetu Peguy, na familia nyingine nyuma ya pazia. Mimi nikapata kusuka nywele katika saluni ya Julienne. Maître Baudouin wa Uvira akavaa kizibao cha njano, akawa anaelekeza watu kurudisha gari nyuma pale kwenye parking ya ufukweni.

Hapo ndipo pomboo walipomkuta. Asubuhi moja ya Machi, pomboo mmoja alitupwa na mawimbi karibu na parking, amekwisha kufa. Ikaja pikapu na mama wa kizungu, ndiye Dokta Thorburn, pamoja na msaidizi wake, mzee wa Kizulu anayeitwa Bab' Shangase. Mnyama alikuwa mzito, wakaita walinzi wa magari waje kusaidia. Wakati wa kupima, Dokta akawa anatafuta mita yake garini haioni. Baba Peguy akatoa yake mfukoni. Fundi hatoki nyumbani bila mita, hata kama hana nguo ya kushona wala cherehani. Akampima pomboo yule kama mteja: akapitisha mita juu ya tumbo, akafuata mviringo, akazungusha kifuani, akataja namba kwa Kifaransa.

Dokta akacheka, akamwonyesha kwamba pomboo hapimwi hivyo. Urefu wake unachukuliwa pembeni yake, chini, kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya mdomo wa juu mpaka kwenye mkato wa katikati ya mkia. Ukifuata tumbo, pomboo aliyeshiba anakuwa mrefu kuliko mwenye njaa. Baba Peguy alielewa palepale, kwa sababu hata kwenye suti kuna kipimo cha mwili na kipimo cha mfupa. Alirudi nyumbani na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Uvira. "Mama Peguy, ile nyama ya mu maji iko na kipimo karibu makumi mbili," aliniambia. "Kutoka mdomo mpaka jicho. Kutoka mdomo mpaka tundu ya pumzi. Urefu ya pezi. Iko kama kukata costume ya bwana harusi." Wiki iliyofuata Dokta alimchukua kazini.

Nisiwe mwongo, mwanzoni nilimpenda yule mama. Alimpa mume wangu koti la mvua na viatu vya mpira. Alikuwa akimwambia ana mkono mzuri. Sasa najua kwamba kusifiwa mkono ni njia ya kutosikiliza mdomo.

Baba Peguy hakuacha desturi ya baba yake. Karatasi ya simenti isingevumilia maji na damu, basi akatumia ule ukanda mgumu wa plastiki wanaofungia maboksi, ambao hata mkiuvuta wawili hauongezeki. Baada ya kupima kwa mita ya kituo na kuandika fomu, alilaza mkanda pembeni ya pomboo, akakata alama kwa mkasi: moja jicho, mbili tundu la pumzi, tatu pezi la mgongoni, mpaka mwisho kwenye mkia. Akafunga kitambaa chenye namba, na namba moja akawa yule wa ufukweni, aliyekuwa bado hajapasuliwa. Hakuna aliyemwagiza. Bab' Shangase alimtania, "Eish, Baudouin, huyu unamshonea koti?" Naye akajibu kwamba hajui, ila ikitokea koti linatakiwa, vipimo vipo.

Kule kituoni mikanda ilionekana takataka, mfagiaji anaizoa. Kwa hiyo akawa anaileta nyumbani, imeviringwa kama tambi. Ya kwanza ishirini na miwili ikajaza shangazi kaja, lile begi la mistari kila mhamiaji analo. Akalifunga kamba, akaliweka nyuma ya kabati. Iliyofuata ikaanza begi la pili, chini ya kitanda.

Sasa nije kwenye mita yao. Ilikuwa ya kitambaa kilichopakwa plastiki, na ilikuwa ikilowa kila siku, inavutwa na wanaume wawili, mmoja mdomoni mwa mnyama na mwingine mkiani, kisha inatundikwa mlangoni na maji yake ikauke. Mtoto wa Mzee Vénérand hawezi kuona hivyo akanyamaza. Mwezi wa tisa wa mwaka wa kwanza aliiweka juu ya mita yake ya mfukoni. Alama yao ya sentimita mia ilipita yake kwa upana wa ukucha. Mita ikirefuka, namba zake zinakuwa mbali mbali, na kila unachokipima kinaonekana kifupi kuliko kilivyo. Akamwendea Dokta, akamwonyesha zote mbili. Dokta akamwambia, labda hiyo ya kushonea nguo ndiyo iliyorudi, ikafupika. Akacheka, akarudi kwenye kompyuta yake.

Februari ya mwaka uliofuata alimwendea tena. Sasa ilikuwa imepita kidole kizima. Safari hii Dokta hakucheka. Alimwambia, "Baudouin, kazi yako ni kuandika kile mita inachosema." Bab' Shangase alikuwa amesimama hapo, ameshika ndoo.

Basi akaandika kile mita inachosema. Hapo ndipo mimi na yeye tuligombana, yaani mimi niligomba na yeye akanywa chai. Nilimuuliza, "Kwa nini hukusema mara ya tatu?" Akanijibu, "Chef amesema. Miye naandika ya chef mu fomu, naandika ya kweli mu mkanda." Ndivyo baba yake alivyofanya, namba za kumridhisha mteja na mkanda wa kukatia suti. Ila mteja wa Uvira alikuja kuvaa suti akaona imemkaa. Hawa hawakuwa na suti ya kuja kuvaa. Walikuwa na namba tu.

Na hapa lipo jambo langu, nalisema kwa sababu bila hilo hadithi hii itakuwa ya watu wengine tu.

Mafuta ya pomboo hayatoki. Utafua, utaanika, utapaka sabuni ya unga, harufu ipo. Begi lile la nyuma ya kabati lilikuwa linanuka mpaka kwenye nguo zangu. Mama wa nyuma ya pazia akaanza kuziba pua bila hata kujificha. Siku moja saluni, mteja yuko kwenye kiti, Julienne akaniambia mbele ya watu, "Sesilia, wewe unasuka nywele ao unaparua samaki?" Wote wakacheka na mimi nikacheka. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimevimba. Nilikuwa nimemwambia Baba Peguy kila wiki aondoe mikanda, kila wiki ananijibu, "Tutaona." Nikalibeba begi, nikateremka nalo ghorofa sita, nikalitumbukiza kwenye pipa la takataka la jengo. Ilikuwa Juni, miezi minne kabla ya barua. Mahali lilipokuwa nikasimamisha sanduku la nguo za Peguy. Sikumwambia, na yeye hakuangalia, kwa sababu begi lilikuwa limejaa na limefungwa, hana cha kuongeza humo.

Kwa hiyo barua ilipofika, na nikasimama katikati ya chumba nikipiga kelele kwamba mikanda ndiyo itakayomsafisha, akainua kichwa taratibu, akasema, "Ni kweli. Iko yote. Makumi tano na tatu." Nilipaswa kusema palepale. Badala yake nikazidi kumtukana Dokta Thorburn, ukoo wake na kituo chake, kwa sauti, mpaka watu wa nyuma ya pazia wakatoka nje. Watu wanafikiri mwenye makelele hana anachoficha.

Alhamisi nikaomba ruhusa kwa Julienne. Baba Peguy alivaa suti aliyojishonea Uvira, ndiyo pekee iliyovuka na sisi. Akavuta begi la chini ya kitanda, akageuka kwenye kabati. Nikamwambia, "Hilo moja linatosha. Hawawezi kupima hamsini na watatu kwa siku moja." Akafikiri, akakubali. Tukapanda taxi ya kwenda Bluff, kilipo kituo, begi liko magotini kwake.

Walikuwa watatu. Dokta Thorburn, bwana mmoja wa ofisini mwenye tai, na Bab' Shangase aliyeitwa kuwa shahidi, amekaa kwenye kiti cha pembeni mikono magotini. Mbele ya Dokta palikuwa na fomu zote hamsini na tatu. Nilikubaliwa kuingia kama mkalimani.

Dokta akaeleza, na mimi nikatafsiri. Mapema mwaka ule alisimama mbele ya wataalamu wenzake akatangaza kwamba pomboo wa pwani hii wanazidi kuwa wafupi, pengine kwa kukosa chakula. Kisha mtaalamu mmoja wa ng'ambo akamwandikia kwamba haiwezekani. Mafuvu ni ya wanyama wazima kabisa, na miili iliyoandikwa ni mifupi, kichwa cha mtu mzima kwenye kiwiliwili cha kijana. Kwa hiyo vipimo ni vya uongo. Kwa hiyo aliyepima ni mwongo. Alisema hivyo kwa upole sana, kama mtu anayekupa pole ya msiba. Alikuwa amepata aibu mbele ya wakubwa wenzake, na aibu ile ilihitaji mtu wa kuibeba, na mtu huyo alikuwa amekaa pale na suti yake na begi lake linalonuka.

Baba Peguy akasema, "Mwambie, nilisha mwambia mara mbili. Mètre imechoka."

Nikatafsiri. Dokta akasema hakumbuki mazungumzo kama hayo.

Nilisimama. Sikutumwa kusimama, lakini nilisimama. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Kigoma kwamba mume wangu alikuwa anapima watu kabla yeye hajajua pomboo ana masikio. Kwamba alimletea mita mbili mkononi, kama unavyomletea mtoto mdogo vijiti viwili umuulize kipi kirefu, na akashindwa. Kwamba alipopata namba zilizompendeza zilikuwa zake, zina herufi zake kwenye kila fomu, na zilipomgeuka zikawa za mkimbizi. Bwana wa tai akaniambia niketi la sivyo nitoke. Baba Peguy akanivuta kitenge. Nikaketi, na machozi yalikuwa yananitoka, ya hasira, siyaonei haya.

Hapo Bab' Shangase akasafisha koo. "Alisema," akasema. "Nilikuwepo. Mara zote mbili alisema." Kisha akaongeza, bila kumwangalia mtu, "Na hao watatu wa mwisho hawajapasuliwa. Wako kwenye friza."

Naomba mnielewe kuhusu friza hiyo. Ilikuwa hatua kumi kutoka mezani kwa yule mama. Pomboo wazima watatu wamelala humo, walewale ambao mume wangu alidaiwa hakuwapima. Wiki nzima walikuwa na barua ya kuandika, na mwaliko wa Alhamisi wa kupanga, na hakuna aliyefikiri kufungua mlango akapima upya. Nikiikumbuka friza ile mpaka leo mikono inaniwasha.

Tukaenda wote. Wakamtoa namba hamsini na moja, mgumu kama gogo, wakamlaza sakafuni. Fomu ilisema sentimita mia mbili thelathini na moja. Wakaleta mita mpya ya chuma kutoka karakana. Bab' Shangase akashika upande wa mdomo, bwana wa tai mwenyewe akainama upande wa mkia, tai inagusa sakafu. Mia mbili thelathini na saba. Wakaleta ile mita yao ya mlangoni. Mia mbili thelathini na moja, vilevile kama ilivyoandikwa. Kisha Baba Peguy akapiga magoti na suti yake, akakunjua mkanda wa namba hamsini na moja kando ya mnyama. Mwisho wa mkanda ukasimama kwenye mkato wa mkia. Alama moja ikasimama kwenye jicho. Alama mbili kwenye tundu la pumzi. Akaukunja, akatoa wa hamsini na mbili.

Walipomaliza wa tatu tukarudi mezani, bwana wa tai akajipangusa mikono, akasema basi, yalikuwa ni kutoelewana, Bwana Kashindi atarudi kazini Jumatatu. Dokta akasema hii mikanda ni kitu cha thamani kubwa, itaokoa kazi ya miaka miwili, na akanyoosha mkono kuchukua begi.

Nikalikalia. Ndiyo, nililivuta kwangu na kulikalia kabisa, mtu mzima na kitenge changu. Nikamwambia samahani haijasemwa, na kama haisemeki, basi iandikwe. Kwa kila mkanda nitakaotoa, yeye achukue fomu yake, afute herufi zake pale panaposema nani amepima, aandike Baudouin Kashindi, herufi zote, kwa mkono wake. Mkanda mmoja, jina moja.

Baba Peguy aliniambia, "Acha tu, Mama Peguy." Sikuacha. Bwana wa tai akaangalia saa. Dokta Thorburn akavuta kiti mezani na kuchukua kalamu.

Ilichukua karibu saa nzima. Natoa mkanda, nasoma namba kwenye kitambaa, yeye anatafuta fomu, anafuta, anaandika. Mara mbili alikosea kuandika Baudouin, nikamrudisha. Kufikia kama wa kumi, mume wangu alikuwa amesogea nyuma ya bega la Dokta, anaangalia jina lake likitokea. Kufikia wa ishirini alikuwa anatabasamu. Huyu mtu ambaye duka lake liliungua na ukuta wa majina ya watu, alikuwa anaangalia jina linaandikwa tena na tena, na uso wake ulikuwa umefunguka kiasi kwamba nilisahau. Wallahi nilisahau kabisa.

Mkanda wa thelathini na mmoja ulikuwa wa mwisho. Mezani zikabaki fomu ishirini na mbili.

Dokta akauliza, "Na hizi?" Akaeleza kwamba hizi ndizo muhimu kuliko zote, kwa sababu ni za mwanzo. Mita ilikuwa inarefuka kidogo kidogo, na bila mikanda hiyo hakuna wa kujua ilianza lini na kwa kiasi gani. Nikamtafsiria mume wangu.

Baba Peguy alifurahi kwelikweli. "Mwambie asiogope," akasema. "Iko nyumbani, nyuma ya kabati, nilifunga mwenyewe. Kesho asubuhi naleta. Mwambie, Mama Peguy."

Wote wakawa wananiangalia mimi, wanangoja Kiingereza.

Ningeweza kusema ataileta. Ningepata siku moja. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni kwamba mikanda haipo, niliitupa mimi, mwezi wa sita, kwa sababu ilikuwa inanuka. Nilisema hivyo kwa Kiingereza. Kwa hiyo Dokta Thorburn alijua kabla ya mume wangu. Na Bab' Shangase, na bwana wa tai, wote walijua, na yeye bado alikuwa amesimama pale anatabasamu, anangoja Dokta afurahi.

Kisha nikamwambia kwa Kiswahili.

Akainama, akaokota begi tupu. Dokta wala hakunisuta, na ingekuwa afadhali angenisuta. Alizivuta zile fomu ishirini na mbili, akapiga mstari juu ya kila moja, toka pembe hii mpaka ile, na kwenye hizo hakuandika jina la mtu. Nilikuwa nimeingia mle na hasira za kumtosha yeye na kituo chote, na nilitoka nazo zilezile, ila sikujua tena pa kuzitua.

Kwenye kituo cha taxi Baba Peguy alikunja begi tupu mara nne, akaliweka kwapani. Kisha akasema, "Ya kwanza ilikuwa humo. Ile ya plage." Alimaanisha yule wa ufukweni, aliyempima kama mteja. Nikasema najua. Taxi ikaja.

Jumatatu alirudi kazini. Wana mita ya chuma sasa, na kila fomu ina jina lake. Mikanda bado anakata. Dokta amempa kabati la chuma kwa ajili hiyo, na ufunguo wake anao yeye, ameufunga kwenye mkanda wa suruali. Hajanigombeza hata neno moja. Nimemchokoza makusudi, nimeunguza wali, nimemtaja mama yake, hakuna. Nguo zangu hazinuki. Mama wa nyuma ya pazia hazibi pua.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nikamwambia, "Baba Peguy, leta mikanda yako nyumbani kama zamani. Nitakutolea nafasi kabatini, nihamishe nguo zangu." Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, anamrekebishia Peguy sketi ya shule. Akaupitisha, akafunga fundo.

"Hapana, Mama Peguy," akasema. "Kule iko salama."